Ziara ya Msitu na Pwani Iwe Somo

Muhula unapokaribia kwisha, si ajabu kuona basi la shule likiondoka Taveta alfajiri kuelekea pwani. Mtoto wa Mboghoni, aliyezoea maji ya Ziwa Jipe, huiona bahari kwa mara ya kwanza. Huogelea, hula, kisha hurudi usiku amechoka. Mzazi aliyelipia safari hiyo kwa jasho lake ana haki ya kuuliza: mwanangu amerudi na nini?

Karibu na Diani, katika Kaunti ya Kwale, msitu na pwani vimepakana. Hapo ndipo ilipo Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo wenye ukubwa wa hekta 30 hivi. Ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni haingii humo peke yake. Hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huongozwa na mwenyeji, wala haruhusiwi kuchukua hata jani. Mwongozaji humwonyesha mti, hulitaja jina lake, kisha hueleza unatibu nini na kwa nini haukatwi.

Maelezo hayo ni elimu kamili. Jina la mti ni ghala la maarifa ya waliolitoa. Mtu asiyelijua jina hilo huutazama mti ule ule akaona kuni na makaa. Lugha inapopoteza majina ya miti, shoka hupata kibali.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi aliyechoshwa na mitihani anahitaji kupumzika. Ni kweli. Lakini saa mbili za asubuhi msituni hazimnyimi mtu bahari ya alasiri.

Isitoshe, somo hilo lina mwendelezo nyumbani. Taveta nako kulikuwa na msitu mnene kando ya Mto Lumi. Misafara ilipumzika humo, na Joseph Thomson alifika mwaka 1883. Sehemu kubwa ya msitu huo imegeuka mashamba. Wataita nao wana fighi, misitu mitakatifu ya wazee wao. Je, ni wanafunzi wangapi wanaoweza kutaja miti kumi ya huko kwa Kitaveta au Kidawida?

Walimu wenzangu, kila mwanafunzi na aende Kinondo na daftari. Aandike majina kumi ya miti kwa Kidigo pamoja na maelezo ya mwongozaji. Arudipo, amwulize bibi yake miti hiyo, au inayofanana nayo, huitwaje kwao. Hata jina Mboghoni ni swali zuri la kuanzia: limetoka wapi?

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wazee wanaoyajua majina haya wanapungua kila mwaka, na daftari ni rahisi kuliko nauli ya basi. Ziara ijayo isiondoke bila daftari hilo.