Kikojozi Hakojoi kwa Makusudi



Mama mpendwa, na wewe baba usomaye ukurasa huu, juma hili tuzungumze jambo ambalo wengi huona haya kulitaja, nalo huwatoa watoto machozi kila alfajiri. Ni habari ya mtoto wa miaka minne au mitano ambaye bado anakojoa kitandani. Katika nyumba nyingine huchapwa. Katika nyingine hutwikwa mkeka wake ulioloa, apite nao mbele ya wenzake wamcheke. Wakubwa husema, "Ni uvivu tu, hataki kuamka." Je, ni kweli?

Si kweli hata kidogo. Mtoto aliyelala fofofo hajui kwamba anakojoa, kama wewe usivyojua kwamba unakoroma. Katekisimu yatufundisha kwamba pasipo kujua na kukubali hapana dhambi ya kuhesabiwa. Basi, mtoto huyu twampiga kwa kosa gani?

Tazama meno. Mtoto mmoja huota jino la kwanza akiwa na miezi sita. Mwingine hukaribia mwaka angali kibogoyo, wala hakuna amchapaye. Mmoja hutembea kabla ya mwaka, mwingine miezi mingi baadaye. Kibofu nacho kina wakati wake. Watoto wengi huweza kujizuia mchana wakiwa na miaka kati ya 2 na 4, na usiku hufuata baadaye. Katika watoto 100 wa miaka 5, wapatao 15 bado hulowesha kitanda, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Walio wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua. Tena jambo hili hufuata ukoo. Kwa hiyo, baba, kabla hujashika fimbo, kamwulize bibi yake mtoto habari za utoto wako mwenyewe!

Fimbo haikifundishi kibofu kitu. Humfundisha mtoto hofu, na hofu humfundisha uwongo. Huficha nguo zilizoloa, hukataa kwenda kulala kwa bibi yake, hujiona hafai mbele ya ndugu zake. Kitanda kitakauka siku moja, lakini moyo uliovunjika haukauki upesi hivyo.

Basi tufanyeje?

Kwanza, mtoto anywe maji ya kutosha asubuhi na mchana. Jioni apunguze, wala asipewe chai. Lakini usimnyime maji kutwa nzima; hiyo si dawa.

Pili, akojoe kabla ya kulala, kila siku. Iwe desturi ya nyumba, kama sala ya jioni.

Tatu, usimlazimishe kwenda peke yake kwenye choo cha shimo. Tundu ni kubwa kwake, na giza humtisha. Mwekee poo au kopo pembeni. Asubuhi ukamwage chooni, kwa maana kinyesi cha mtoto huleta magonjwa kama cha mtu mzima. Kisha nawa mikono kwa sabuni, na mtoto naye anawe.

Nne, angalia kama anapata choo kigumu. Choo kilichojaa tumboni hukibana kibofu. Mpe mboga za majani, papai, machungwa na maji.

Tano, tandika nailoni juu ya godoro au mkeka. Asubuhi mtoto akusaidie kuanika, pasipo maneno makali. Akiamka mkavu, msifu. Akiamka ameloa, usimwaibishe, wala usiwaruhusu ndugu zake kumcheka.

Walakini zipo dalili zisizotaka kungojewa. Mtoto aliyekuwa mkavu miezi mingi, kisha akaanza tena. Anayelia kwa maumivu akikojoa, au ana homa. Anayevujwa na mkojo mchana kutwa. Anayekunywa maji mno na kukonda, maana huenda ikawa kisukari. Au mwenye damu katika mkojo, kwa kuwa huenda ni kichocho, ugonjwa upatikanao kwa kuoga na kucheza katika mabwawa na kando ya maziwa. Hao wapelekwe zahanati upesi. Vilevile mtoto ambaye ametimiza mwaka mmoja na nusu bila kutembea, au ambaye miguu yake imelegea, aonwe na mganga. Na kama amepita miaka saba na kitanda bado kinaloa, ni vema kuomba shauri, kwani msaada upo.

Mtakatifu Paulo aliwaonya wazazi kwamba ukali uliopita kiasi huwakatisha watoto tamaa. Leo jioni, mkiisha kusali, mshike mtoto mkono, mtoke naye nje akojoe, kisha mfunike vizuri alale. Na kesho asubuhi, ukiukuta mkeka umeloa, fimbo na ikae pale pale ilipo.