Tatizo si ulimi, ni kiazi

Kila mgahawa wa nje ukifungua tawi mjini, maneno huwa ni yale yale. Kuna wanaosema, "Hawatakaa hao, sisi ni watu wa wali maharage." Kuna wanaoshangilia kwamba sasa na sisi tumeendelea. Ukija kufungwa, kundi la kwanza linapata la kusema: si tuliwaambia!

Mimi naona makundi yote mawili yanabishania ulimi, na ulimi si hoja. Jamani, ulimi unafundishika. Babu zetu walikula chipsi mayai lini? Leo hii katiza mtaa wowote wa Dar usiku, utakuta watu wamezunguka kabati la kioo wanasubiri zege, na hakuna anayekiita chakula cha kigeni.

Kinachofanya mgahawa wenye matawi mengi usimame sehemu moja na uanguke sehemu nyingine ni mambo mawili yasiyo na mbwembwe: chakula kinatoka wapi, na jirani anayepika nje anauza bei gani.

Tuanze na majirani zetu Wakenya. KFC iliingia Nairobi mwaka 2011 na ikapata wateja. Halafu Januari 2022 chipsi zikaisha. Kenya hiyo hiyo ambayo viazi ni zao lake la pili la chakula baada ya mahindi! Wakulima wa Nyandarua wana viazi shambani, mgahawa wa mjini hauna chipsi. Kumbe chipsi zilikuwa zinaagizwa kutoka nje, na meli zilichelewa kwa sababu ya msukosuko wa korona. Wateja wakaambiwa wanaweza kubadilisha, wachukue mkate, saladi au hata ugali. Kuku wa Kimarekani kwa ugali! Watu wakachachamaa mtandaoni, wakatangaza kususia. Kampuni ikajieleza kwamba muuza viazi lazima kwanza apite kwenye ukaguzi wake wa ubora, kisha ikasema itatafuta wauzaji wa Kenya.

Hasira ya Wakenya ilikuwa halali. Lakini hebu tuangalie na upande wa pili. Mgahawa wenye matawi unauza kufanana zaidi ya unavyouza utamu. Chipsi ya leo iwe kama ya mwezi ujao, ya tawi hili iwe kama ya tawi lile. Na kiazi ni kiumbe mkorofi. Kikiwa na sukari nyingi kinageuka cheusi kwenye mafuta kabla hakijaiva vizuri. Hata kiazi kizuri ukikiweka kwenye ubaridi mkali, wanga wake unaanza kugeuka sukari. Kwa hiyo unahitaji mbegu inayofaa, ghala lenye ubaridi wa kiasi, lori la uhakika, na kiwanda cha kukata na kugandisha. Bila hivyo vitu, mkulima anaweza kuwa na tani za viazi na bado mgahawa ukaagiza kwa meli.

Waliolielewa hili mapema ni McDonald's walipokwenda India. Walifungua mwaka 1996, lakini miaka kadhaa kabla ya hapo walikuwa wanahangaika na wakulima, viwanda na magari ya baridi. Halafu wakaondoa ng'ombe na nguruwe kwenye menyu, wakaweka burger ya kiazi kwa wasiokula nyama. Wengi hupenda kusimulia hiyo habari ya menyu kwa sababu inavutia. Mimi nasema menyu ilikuwa sehemu rahisi. Mtu yeyote anaweza kuandika ubao mpya kwa siku moja. Kumfundisha mkulima kilimo kipya kunachukua misimu.

Iceland mambo yakawa kinyume. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na migahawa mitatu tu huko, na vitu vingi vilitoka Ujerumani. Mwaka 2008 benki za nchi zikaanguka na pesa yao ikaporomoka, gharama za kuagiza zikapaa, na mwaka 2009 milango ikafungwa. Je, watu wa Iceland waliacha kupenda burger? Hata kidogo. Wanazila mpaka leo, kwenye migahawa ya kwao.

Bolivia ndiyo wanayopenda kuitaja wapinzani wa vyakula vya kigeni. McDonald's iliingia mwaka 1997, ikafunga migahawa yote mwaka 2002, na tangu hapo tunahadithiwa kwamba utamaduni ulishinda. Sasa mbona Pollos Copacabana, mgahawa wa Kibolivia wenye matawi, unauza kuku wa kukaanga na chipsi na unajaza watu? Mimi nasema aliyeshinda pale ni mama wa sokoni, aliyeuza mlo wa kushiba kwa bei ambayo mgeni hakuweza kuigusa. Ni mama ntilie wa huko!

Turudi nyumbani. Kwa mtazamo huu si ajabu kwamba migahawa ya nje hapa inajibana kwenye maeneo machache ya miji mikubwa. Upande wa bei, mama ntilie na kijana wa chipsi hawalipi pango la jengo la vioo wala ada ya jina. Upande wa viazi, tunavyo Njombe, Mbeya na Iringa, lakini angalia vinavyouzwa. Lumbesa! Gunia linashonewa kofia juu, mkulima analipwa kwa gunia badala ya kilo, na ndani kuna vikubwa, vidogo na vilivyooza. Sheria ya vipimo inakataza, lakini nani hajaiona barabarani? Hakuna mgahawa wenye matawi utakaopanga bei kwa lumbesa.

Hapa ndipo linaponiuma. Hilo hilo linalomzuia mgeni ndilo linalomzuia na wa kwetu. Kwa nini kijana mwenye zege tamu kuliko zote Sinza hana matawi kumi mpaka Mwanza na Mbeya? Wateja wapo, na kupika anajua. Lakini kila alfajiri anakwenda sokoni kubahatisha kiazi na bei, na huwezi kujenga tawi la pili juu ya bahati. Mkulima naye anabaki kulia na dalali.

Kwa hiyo wanaotaka tuwazuie wageni wanapoteza muda, na wanaodhani wageni watatuletea maendeleo wanajidanganya pia, maana mgeni asipokuta mnyororo hapa ataagiza wake kwa meli. Kwanza tuuze kwa kilo, lumbesa ife kweli na si kwenye makaratasi. Pili, fedha za vikundi vya vijana ziende pia kwenye maghala na kukata viazi, zisiishie kwenye bodaboda. Hayo yakifanyika, mgahawa wa kwanza kufaidi utakuwa wa kijana wa Sinza, na mgeni akija atamkuta ameshaweka matawi.

Au nyie wenzangu bado mnaamini ni suala la ulimi? Nawasilisha.