Fumbo la Maneno: Kila Anguko na Jina Lake



Fumbo la wiki iliyopita lilihusu maneno ya kuanguka, nasi twaona wengi walitatizwa na miraba minane. Sababu i wazi: tumbukia, poromoka na pukutika yote yana herufi nane. Anayehesabu herufi pasi na kupima maana hujaza lolote kati ya hayo, kisha fumbo zima likampotea.

Basi tuyatenganishe. Hutumbukia kilichoingia ndani ya kitu: ndoo kisimani, nzi katika maziwa. Huporomoka kilichosimama kwa wingi wake: ukingo wa mto, ukuta, hata bei sokoni. Hupukutika vitu vidogo vilivyoshikamana na shina: majani wakati wa kiangazi, au nywele. Na kidondokacho huanguka kimoja kimoja, kama tone la maji.

Miraba sita nayo ina mtego wake, kwani anguka, jikwaa na teleza zote zaenea humo. Lakini mtu hujikwaa kwa kugonga kizuizi na huteleza kwa kukosa mshiko, naye aweza kufanya yote mawili asifike chini. Ndipo wahenga wakasema, kuteleza si kuanguka.

Jamaa zetu wa Takaba, katika Kaunti ya Mandera, wana la ziada. Huko mtoto hulelewa kwa Kisomali, Kigarre au Kiborana, na Kiswahili hukikuta shuleni. Kwa Kisomali, neno dhac ni kuanguka, tena ni kutokea kwa jambo. Na machweo huitwa qorrax dhac, yaani kuanguka kwa jua. Mwana akiandika "jua limeanguka", asichekwe: amefasiri lugha ya mamaye kwa uaminifu. Aelezwe tu kwamba kwa Kiswahili jua hutua, au huchwa. Kiarabu nacho kina mwendo huo huo, kwani waqa'a ni kuanguka na pia kutukia. Humo limo jina la Sura ya 56, Al-Waqia, Tukio.

Tofauti hizi si za mchezo pekee. Mama afikapo zahanati, akakuta muuguzi asiyejua lugha yake, akasema "mtoto ameanguka", hajamwambia la kutosha. Je, ameteleza akaumia mguu? Ametumbukia bwawani akanywa maji? Amezimia kwa homa? Au ameshikwa na kifafa? Kila neno lina tiba yake, na dakika za kuulizana ni dakika za mgonjwa. Tuwafundishe mabinti na wavulana wetu maneno haya nyumbani, kwani mara nyingi wao ndio wakalimani wa mama zao.

Fumbo la wiki hii, herufi tano: ni ndugu wa anguka, mkwezi huyafanyia madafu, na kuku huyafanyia mayai yake.

Jibu, inshallah, wiki ijayo.