Miti ya nyumbani Mokowe yahitaji mafundi, si panga tu

MJI wa Mokowe, ulio bara mkabala na kisiwa cha Lamu, umekuwa ukibadilika sura tangu Machi 2, 2012, siku Rais Mwai Kibaki na viongozi wenzake wa Ethiopia na Sudan Kusini walipozindua ujenzi wa bandari jirani ya Kililana. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021, barabara ya kutoka Garsen imetiwa lami, na nyumba zinajengwa palipokuwa na minazi na miembe.

Katika mabadiliko hayo limezuka suala lisilopewa uzito: ni nani mwenye ujuzi wa kutunza, au kuangusha, mti mkubwa uliojikuta katikati ya makazi? Mwembe uliosimama peke yake shambani haukumtisha mtu. Mwembe huo huo ukiwa baina ya paa la mabati, nyaya za umeme na mahali wanapochezea watoto, ni hatari isiyopaswa kupuuzwa.

Sera ya taifa imekazania upanzi. Desemba 2022, Rais William Ruto alizindua mpango wa kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Nia ni njema. Hata hivyo, kupanda huchukua asubuhi moja, ilhali mti huhitaji kuangaliwa kwa miaka mingi baadaye.

Mara nyingi mwenye nyumba humwita yeyote mwenye panga au msumeno wa injini, wakapatana bei papo hapo. Kosa la kwanza hutokea pale kilele chote kinapokatwa ili mti uwe mfupi. Mti hujibu kwa kuchipuza matawi mengi ya haraka yasiyoshika barabara kwenye shina, na upepo wa kusi uvumapo, hayo ndiyo hukatika kwanza. Kosa la pili ni kukata tawi zito kutoka juu pekee. Tawi hukwanyuka likachuna gome la shina, na jeraha hilo huwa mlango wa kuvu na mchwa. Fundi hukata kidogo upande wa chini kwanza, ndipo akamalizia juu.

Mnazi nao una masharti yake. Una chipukizi moja tu kileleni, na likikatwa mti umekufa. Aidha, gogo la mnazi uliokufa lisiachwe kuozea uani, kwa kuwa humo huzaliana chonga, mdudu anayetoboa vilele vya minazi mizima. Uzembe wa boma moja huwa hasara ya majirani.

Ujuzi wa kuanzia hauko mbali. Wakwezi wa pwani wamerithishana kazi ya kupanda minazi tangu enzi za mababu. Wanachokosa wengi wao ni kamba ya usalama, kofia ngumu na mafunzo ya kushusha mti kipande kwa kipande badala ya kuuangusha mzima. Wakiwezeshwa, vijana wa Mokowe watapata ajira isiyotegemea bandari.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti utekelezaji wa sera za misitu na uhifadhi wa udongo na maji. Kaunti ya Lamu basi ina msingi wa kuwafunza na kuwaorodhesha mafundi hawa, na kusisitiza kwamba mti unaogusa nyaya usikatwe kabla ya Kenya Power kuzima umeme. Mikoko ya ufuoni ina sheria yake: hairuhusiwi kukatwa bila idhini ya Shirika la Huduma kwa Misitu, hata kama inamzibia mtu mandhari ya bahari.

Wapo watakaolalamikia gharama. Lakini mti mchanga hupogolewa kwa mkasi na msumeno mdogo, ilhali mti mkubwa ulioinama juu ya paa hudai kamba, watu kadhaa na siku nzima. Kwa hiyo wenye nyumba waikague miti yao kabla ya masika kulainisha ardhi na kusi kuanza: shina lililoanza kuinama, udongo uliopasuka penye mizizi na uyoga chini ya shina ni dalili za hatari. Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi. Mti nao ni vivyo hivyo.