Rangi ya Uongo Katika Picha

Siku hizi wakulima wengi hupiga picha ya jani la mahindi kwa simu, wakampelekea bwana shamba. Ni jambo jema. Lakini jihadhari.

Mahindi yanayokosa fosforasi huwa na rangi ya zambarau kwenye ncha na kingo za majani. Kamera nayo huweza kutia zambarau ya uongo. Ukidanganyika, utanunua mbolea usiyoihitaji.

Kwa nini? Lenzi hupinda mwanga. Mwanga wa buluu hupindwa zaidi kuliko mwekundu. Hivyo rangi hazikutani mahali pamoja.

Utaitambuaje? Kuza picha. Tazama matawi au paa lililo mbele ya anga nyeupe. Yakiwa na ukingo wa zambarau pia, huenda kosa ni la kamera. Kisha litazame jani lenyewe kwa macho.

Fanya hivi:

1. Usipige picha ya jani mbele ya anga kali. Nyuma yake pawe na udongo au kivuli.

2. Weka jani katikati ya picha.

3. Programu za simu huweza kufuta zambarau. Lakini huweza kufuta hata ile ya kweli. Afadhali upige picha upya.