Shusheni Taa Hiyo

Ninayo picha moja ambayo kila nikiitazama naona haya. Niliipiga mwenyewe, usiku wa harusi ya dada yangu, Tanga, mwaka 1993. Yumo marehemu baba yetu, amesimama karibu na mlango wa ukumbi akimpa mkono mkwewe. Shati lake linawaka kama shuka lililoanikwa juani. Paji la uso lina doa jeupe la jasho, pua haina mgongo, mashavu hayana umbo, na macho ni mekundu kama ya mgonjwa. Nyuma yake ni giza tupu. Ungedhani harusi ilifanyika pangoni, na hali ukumbi ulijaa watu na taa zilikuwa zinawaka.

Baba alifariki mwaka 1995. Tulipotafuta picha yake ya mwisho tukaikuta hiyo. Nilimpelekea mama. Aliitazama kwa kitambo, akanirudishia, akasema: "Mwanangu, huyu si baba yenu. Huyu ni mtu aliyekamatwa na polisi usiku."

Mama hakuwahi kushika kamera maishani mwake, lakini kwa maneno hayo machache alilitaja kosa ambalo mimi, niliyejiita fundi, nilikuwa nikilitenda kila Jumamosi na kulipwa. Kwa hiyo naomba nilitamke bila kuuma maneno: kumpiga mtu picha kwa flashi iliyochomekwa juu ya kamera na kumwelekea usoni ni uvivu, na uvivu huo unaharibu sura za watu waliotuamini. Nawaambia haya wapiga picha wenzangu. Nakuambia na wewe ndugu msomaji, ambaye labda hupigi picha lakini hulipa, ili ujue kwamba unayo haki ya kudai kilicho bora.

Kwanza tuelewane juu ya kosa lenyewe. Uso wa mtu una mabonde na vilima, na jicho huyatambua hayo kwa kuona upande mmoja una nuru na mwingine una kivuli. Taa ikikaa juu ya kamera, karibu na lenzi, huangaza kila kitu kutoka pale pale tunapotazamia. Kivuli hujificha nyuma ya kichwa, na uso hubaki bapa kama sahani. Wekundu wa macho nao una sababu hiyo hiyo: mwanga unaingia kwenye mboni na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi ukiwa umebeba rangi ya damu iliyo nyuma ya jicho.

Giza la nyuma nalo halikutokana na bahati mbaya. Nguvu ya mwanga wa taa ndogo hupungua upesi sana kadiri unavyosafiri. Umbali ukizidi mara 2, mwanga hubaki robo. Ukizidi mara 4, hubaki sehemu 1 katika 16. Baba alikuwa mita 2 kutoka kwangu, na ukuta wa nyuma mita 8. Basi taa iliyomchoma baba usoni iliufikia ukuta ikiwa imekwisha nguvu. Wageni wote waliokuja kumpongeza mzee yule walifutwa na flashi yangu kana kwamba hawakuhudhuria.

Kwa ngozi zetu nyeusi kosa hili ni zito zaidi. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake hasa kwa vivuli. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao, ule mstari wa nuru unaopita juu ya shavu, ubavuni mwa pua, ukingoni mwa taya. Kwa hiyo mahali inapotoka taa ndipo panapoamua kila kitu. Taa ikitoka ubavuni, mng'ao huuchora uso. Ikitoka mbele moja kwa moja, mng'ao hukusanyika katikati ya paji la uso ukawa doa, na wateja wetu huambiwa kwamba ni weusi mno, au kwamba walitoka jasho, au kwamba wangepaka poda. Tunawalaumu kwa makosa ya mikono yetu!

Wenzangu wengi hudhani kwamba taa juu ya kamera ndiyo asili ya kazi yenyewe. La hasha. Mmoja wa watu wa kwanza kutembea mitaani na mwanga wa namna hii alikuwa Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi mjini New York. Mwaka 1887 alisoma habari za unga wa magnesi uliobuniwa Ujerumani, akaanza kuingia nao usiku katika vyumba vya maskini. Mwanzoni unga ule ulilipuliwa kwa bastola. Baadaye akautia katika kikaango. Aliwahi kuwasha moto nyumba za watu, hata yeye mwenyewe akashika moto. Nia yake ilikuwa njema, na kitabu chake cha mwaka 1890 kilisaidia kuamsha watu juu ya hali ya makazi yale. Lakini tazama nyuso za wale walioamshwa usingizini kwa mlipuko ule, kisha ukumbuke maneno ya mama yangu. Na zaidi ya hayo ona jambo moja: hata Riis, zaidi ya miaka 130 iliyopita, kikaango chake hakikuwa kimegandishwa juu ya kamera.

Wala tusiende New York. Zitazame picha za studio ya N. V. Parekh wa Mombasa, za miaka ya 1950 na 1960. Mabibi wa pwani wameketi pale na mapambo yao, na nuru imepangwa juu ya nyuso zao kwa heshima, kila shavu na kila kidevu mahali pake. Wazee wale walijua kwamba taa ni kitu cha kuwekwa, kama kiti. Sisi tuliotoka na flashi ndogo kwenda kumbini ndio tuliosahau. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Zamani tulikuwa na udhuru, nao ni waya. Kuitoa flashi kwenye kamera kulitaka waya wa kuziunganisha, na waya sakafuni mwa ukumbi wa harusi ni mtego. Nilijaribu mwaka 1997. Mtoto mmoja aliunasa kwa mguu, stendi ikaanguka, taa ikavunjika, na mimi nikarudi kwenye uvivu wangu nikiwa na sababu ya kujisifia.

Baadaye nikapata vile vijicho vinavyoona mmweko wa flashi moja na kuilipua nyingine. Dhamira ni nzuri, lakini kijicho hakichagui bwana. Katika harusi moja ya mwaka 2007 kila mgeni alikuwa na kamera ndogo ya dijiti mkononi, na kila aliyebonyeza alizilipua taa zangu. Bibi harusi alipoinua mkono kuvishwa pete, mimi nilibonyeza, na taa zangu zilikuwa bado zinajijaza nguvu baada ya kumtumikia shangazi wa watu. Isitoshe, kamera nyingi za kisasa hutoa mmweko mdogo wa kupima kabla ya ule wa kweli, na kijicho cha kawaida hulipuka mapema kwa kudanganywa na huo. Makampuni makubwa nayo yalileta taa zinazozungumza na kamera kwa mapigo ya mwanga, Canon mwaka 1998 na Nikon mwaka 2003; hizo zilikuwa na akili zaidi, ila juani au nyuma ya nguzo zilikuwa hazisikii vizuri.

Leo udhuru huo umekwisha. Kipo kidude cha redio, mafundi wanakiita triga. Kimoja unakichomeka juu ya kamera, kingine kwenye flashi, na flashi nyingi za siku hizi tayari zinacho ndani yake. Ukibonyeza, redio inapeleka amri na taa inawaka, hata ikiwa nyuma ya pazia au chumba cha pili. Unachagua chaneli yako ili mpiga picha mwingine asikuchezee. Zile zinazotengenezwa China, kama Yongnuo na Godox, zimeshusha bei kiasi kwamba triga ya kawaida haifikii malipo ya harusi moja ndogo. Mtu aliyenunua lenzi ya bei ya pikipiki asije kwangu kulia juu ya bei ya triga.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu nimejibiwa mara nyingi. Kijana mmoja aliniambia ukumbini, mbele ya watu: "Mzee, fimbo ya mbali haiui nyoka." Watu wakacheka, nami nikacheka pia. Lakini fimbo hii iko mbali na nani? Taa iliyo juu ya kamera yako ndiyo iliyo mbali na mtu. Taa niliyoiweka kwenye stendi, mita moja na nusu kutoka shavuni mwa bwana harusi, ndiyo iliyo karibu. Fimbo yangu haiko mbali, kijana wangu. Ni mkono wangu tu ulio mbali nayo.

Wengine husema triga hukosea. Kweli, nami nimekosewa. Lakini makosa yake mengi yana dawa. Tia betri mpya kabla ya shughuli. Usikifiche kipokezi nyuma ya nguzo ya chuma. Ukiona ukanda mweusi umekata picha, ni kwamba shata imefunga kabla taa haijamaliza. Kamera nyingi zina kikomo cha 1/200 au 1/250 ya sekunde kwa flashi, na triga ya bei nafuu huchelewa kidogo, basi shuka hadi 1/160 utulie. Anayekosa nafasi ya kujifunza hayo kwa jioni moja hakosi nafasi. Amekosa nia.

Wengine husema hawana msaidizi. Je, ukumbini hakuna binamu wa bwana harusi anayetafuta kazi ya kujionyesha? Mpe taa aishike juu, mwonyeshe pa kusimama. Hayupo? Ifunge kwenye nguzo, iweke juu ya kabati, igeuze iugonge ukuta mweupe ili nuru irudi ikiwa laini. Ufukweni, ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye stendi upepo usiiangushe. Mchanga ni bure.

Na wapo wa leo wanaosema flashi imepitwa na wakati, kwani kamera za sasa, hata simu, zinaona gizani. Ndiyo, zinaona. Lakini zinaona nini? Taa za dari zinazoacha macho ya watu kama mashimo, na zile taa za rangi za kumbi zetu mpya zinazompaka bibi harusi zambarau upande mmoja na kijani upande wa pili. Kamera inayoona gizani haijui anayestahili kuonekana. Kuamua hilo ni kazi ya mtu.

Kwa haki lazima niseme na upande wa pili. Malick Sidibé wa Bamako, katika miaka ya 1960, aliwapiga picha vijana wakicheza dansi usiku kwa flashi, na picha zake zina uhai ambao wengi wetu hatutaufikia hata tukiwa na taa kumi. Ngoma inawaka, vumbi linatimka, na mwanga mkali unafaa. Lakini yeye alijua alichokuwa akikifanya na kwa nini. Ninachokipinga ni kutochagua. Vilevile siwatetei wale walionunua triga, taa nne na miavuli, wakaizunguka meza ya wazee hadi wazee hawaoni chakula. Taa moja, iliyowekwa vizuri, isiyompiga mzee machoni, yatosha.

Mwaka 2009 nilimpiga mama picha, nyumbani, kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Niliiweka flashi nje ya dirisha, juu ya pipa la maji, na triga ikaiwasha kupitia chumba kizima. Nuru iliingia kwa ubavu kama ya asubuhi. Nilipompelekea, aliitazama kwa kitambo kile kile. "Nimezeeka," akasema. Kisha akaongeza: "Lakini ni mimi."

Mama naye ametangulia. Picha hiyo iko ukutani kwangu, na ile ya baba iko ndani ya bahasha. Baba siwezi kumrudisha mlangoni mwa ukumbi ule nikamwomba ampe mkwewe mkono tena. Kilichotaka kufanywa usiku ule kilikuwa kidogo sana: kuishusha taa, kuisogeza hatua mbili kulia, na kumtazama mzee wangu kabla sijabonyeza.

Basi ndugu msomaji, siku utakapokwenda kupatana na mpiga picha kwa ajili ya harusi ya mwanao, usimwulize kwanza kamera yake ni ya aina gani. Mwulize: "Taa yako utaiweka wapi?" Akishindwa kukuelewa, kunywa chai yake, mshukuru, uende kwa mwingine.