Njaa ya siku ya kupanda boti si mambo ya tumbo peke yake

UVIRA – Msafiri akikata tikiti ya boti pale Kalundu anaambiwa afike saa mbili asubuhi. Anafika. Saa nne anaambiwa boti inapakia. Saa saba anaambiwa kuna karatasi moja inayongojewa kutoka ofisini. Saa kumi jua limepiga mpaka vichwa vinauma, na watoto wamekwisha kumaliza mandazi yaliyokuwa ya njiani. Boti inatoka saa mbili za usiku, mara nyingine saa nne, na mara nyingine wasafiri wanaambiwa warudi kesho. Kila anayesafiri kwenye ziwa hili, awe anakwenda Mboko, Baraka, Kalemie ao Kigoma, anaijua siku ya namna hiyo.

Watu wameizoea, na kuizoea ndiko kubaya. Katika mji ambao umeona mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, ukaona maji ya ziwa yakipanda na kuingia nyumbani mwa watu, kisha vita vya Desemba 2025 vilivyosukuma maelfu kuvuka kwenda Burundi na wengine kushuka upande wa Fizi, mtu akisimama kulalamika kwamba amechelewa kula bandarini anaonekana kama mtoto anayelilia sukari. Lakini mambo yanayotokana na kuchelewa huko ni makubwa kuliko sahani moja ya bugali. Yanagusa mfuko wa jamaa maskini, yanagusa kipindupindu, na yanagusa moto ndani ya boti.

Kwanza inafaa kusema kwa haki kwa nini boti zinachelewa. Mwenye boti haishi kwa tikiti za abiria. Anaishi kwa mizigo: unga, chumvi, sabuni, bia, mabati, mafuta ya kupikia na mafuta ya gari. Mzigo usipotimia, safari ni hasara, na mzigo hautimii kwa saa iliyoandikwa. Kuna pia karatasi za huduma mbalimbali za serikali, na kila huduma ina meza yake. Kuna upepo: wakati wa kiangazi, toka Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unapandisha mawimbi, na nahodha mwenye akili anangoja ziwa litulie. Hakuna mtu mwenye busara atakayemlaumu nahodha anayeogopa mawimbi.

Kosa liko mahali pengine. Liko katika kuwaita abiria asubuhi hali mwenye boti anajua toka jana yake kwamba hatatoka kabla ya usiku. Abiria wanaitwa mapema ili wasiende kwa boti ya jirani, na ili mteja wa mizigo akipita aone watu wamejaa na aamini kwamba boti iko karibu kung’oa nanga. Yaani abiria wanatumiwa kama tangazo. Na kila anayeuliza anajibiwa neno lilelile, «tunaondoka sasa hivi». Ile «sasa hivi» ya bandari ina watoto na wajukuu. Ndiyo inayomzuia mama kwenda kutafuta chakula cha bei nzuri sokoni, kwa kuogopa kwamba akirudi atakuta boti imekwenda na mizigo yake.

Hapo ndipo franga zinapoanza kutoka. Mama mwenye watoto wanne aliyetoka nyumbani na hesabu ya mlo mmoja wa bandarini anajikuta akinunua mitatu: mandazi na chai asubuhi, wali na maharage mchana, tena mikate jioni. Kwa mfanyabiashara hiyo ni shida ndogo. Kwa jamaa iliyokimbia vita na sasa inarudi kwake, zile franga zilikuwa za kuanzia maisha huko inakokwenda. Boti iliyotoka kwa kuchelewa inafika pia kwa kuchelewa, ao inafika usiku wa manane, saa ambayo hakuna soko wala jamaa wa kupokea mtu. Wengi wamefika Mushimbakye wakiwa hawana hata za kulipa taksi moto. Na kama ilivyo kawaida ya nyumba nyingi, mama ndiye anayekula wa mwisho ao asiyekula kabisa, hata kama ananyonyesha. Wapo pia wanaomeza dawa za kila siku ambazo hazifai kumezwa na tumbo tupu. Hao hawasemi, wanakaa kimya kwenye magunia.

Sasa juu ya moto. Jamaa iliyobaki na njaa ndani ya boti inapika ndani ya boti. Hakuna siri. Mtu ana mbabula yake, ana makala, ana sufuria, na boti ni ya mbao iliyopakia mapipa ya mafuta. Katikati ya Aprili 2025, karibu na Mbandaka, boti ya mbao iliyoitwa HB Kongolo ilishika moto ikiwa na mamia ya watu. Walioeleza habari hiyo walisema moto ulianzia kwenye makala ya mtu aliyekuwa akipika, ukafikia mafuta. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengine kwa moto na wengine kwa maji, maana wengi waliruka bila kujua kuogelea. Wakaaji wa Uvira waliisikia habari hiyo redioni kama habari ya mbali, ya mto mwingine na mkoa mwingine. Lakini boti za ziwa hili zimetengenezwa kwa mbao zilezile na zinabeba mapipa yaleyale.

Kukataza mbabula ndani ya boti ni jambo la lazima. Ila kukataza peke yake ni kuficha uso. Mama ambaye mtoto wake hajala toka saa sita hatazuiwa na karatasi iliyobandikwa kwenye mlingoti. Atangoja giza liingie, kisha atawasha nyuma ya magunia, mahali ambapo hata komanda hamwoni, na hapo hatari imezidi. Anayetaka moto usiwashwe ndani ya boti ahakikishe kwanza kwamba watu wamekula kabla ya kupanda.

Kuna jambo la tatu, na hili linajulikana zaidi kwa wale waliopita njia ya ukimbizi. Mei 2015, raia wa Burundi walipokimbia machafuko ya Bujumbura, makumi ya maelfu walifika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Hakukuwa na barabara ya gari ya kuwatoa. Meli MV Liemba ililetwa kuwapeleka Kigoma, ikichukua watu kama 600 kwa safari moja. Meli haikuweza kufika ukingoni, watu wakapelekwa kwa mitumbwi hadi ilipotia nanga. Waliobaki walingoja zamu yao siku nyingi kwenye mchanga, wakinywa maji ya ziwa lilelile ambalo wengine walikuwa wakijisaidia kando yake. Kipindupindu kilizuka, wagonjwa wakahesabiwa kwa maelfu, na watu zaidi ya 30 walikufa. Meli ilifanya kazi yake. Walichokufia watu ni kungoja bila maji safi na bila choo.

Uvira haihitaji kufundishwa juu ya kipindupindu. Toka mwisho wa miaka ya 1970 ugonjwa huo umekuwa mwenyeji kwenye ukingo huu, na mwaka 2020 mji ulipewa chanjo ya kunywa. Chanjo inasaidia kwa muda. Bandarini msafiri aliyekaa saa kumi juani atakunywa maji yanayopatikana, na maji yanayopatikana karibu ni ya ziwa, yenye rangi ya mafuta kando ya boti. Kisha anapanda, na choo cha boti ni ukingo wa boti. Ugonjwa ukitoka Kalundu jioni, asubuhi uko Baraka.

Wapo wanaosema dawa yake ni kuwafukuza akina mama wanaouza chakula bandarini, kwamba ndio wanaoleta uchafu. Ni wazo baya. Wale akina mama ndio jiko pekee la abiria. Siku wakifukuzwa, wanahama mita hamsini, wanauza wakiwa wamejificha, chakula kimefunikwa na gunia, na bei imepanda. Afadhali wapewe kivuli cha mabati, meza, na bomba moja la maji ya Regideso ao hata pipa lenye dawa ya klorini na sabuni pembeni. Mama anayeuza wali wenye moto, uliotoka sasa hivi kwenye sufuria, anafanya kazi ya afya kuliko anayeulizwa kila saa karatasi ya kodi. Ugali wa moto na ndagala zilizokaangwa vizuri hauumizi mtu. Kinachoumiza ni maharage yaliyopikwa asubuhi na kuuzwa saa kumi na moja bila kupashwa tena.

Meli hiyo ya Liemba, ambayo wazee wengi waliirudia nyumbani mwaka 1997 wakati HCR ilipoitumia kurudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 kutoka Tanzania, iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma. Kiwanda kilichoiunda, Meyer Werft, siku hizi kinaunda meli kubwa za watalii, zenye vyumba kama hoteli na abiria maelfu. Na huko nako, siku ya kupanda, watu wanachelewa kula! Wote wanafika kwa pamoja, vyumba bado vinasafishwa, masanduku hayajaletwa, sehemu moja ya chakula imefunguliwa na foleni imezunguka. Matajiri nao wanakunja uso.

Tofauti ni kwamba wenye meli hizo walikwisha kukubali kwamba ni shida yao, si ya abiria. Wanampa kila mtu saa yake ya kufika, kundi moja saa tano, lingine saa saba, ili wasijazane. Wanagawa chakula cha jioni kwa zamu mbili. Na abiria wazoefu wanaambiana wafike wakiwa wameshiba, na dawa zao ziwe kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye sanduku lililokwenda chini. Hayo hayaombi pesa nyingi. Hata boti ya mbao inaweza kuyafanya.

Kwa mfano, abiria wangeitwa wakati mizigo imekwisha kupakiwa. Simu ziko, redio za mji ziko, na tangazo la «boti fulani inapokea abiria kuanzia saa tisa» ni la nusu dakika. Mwenye boti akiona mzigo haujatimia, aseme saa ileile kwamba safari ni ya usiku, na atoe karatasi inayomruhusu abiria kutoka na kurudi bila kupoteza nafasi yake. Chama cha wenye maboti kingeweza kukubaliana hivyo wote pamoja, maana mmoja peke yake akisema ukweli, jirani yake mwongo atamchukulia abiria. Hapo ndipo viongozi wa bandari wana kazi: kulazimisha sheria moja kwa wote. Ikipita saa sita toka wakati ulioandikwa kwenye tikiti, abiria wenye watoto wadogo wapewe maji na kitu cha kula kwa gharama ya boti. Wenye maboti watapiga kelele. Wapige, kisha wapige hesabu ya magunia mangapi ya unga yaliwafanya wangoje.

Na mashirika yanayorudisha jamaa zilizohama yasikodi boti na kudhani yamemaliza. Biskuti zinazogawiwa mara nyingi zinatolewa mwisho wa safari, wakati wa kuhesabu watu. Zingetolewa asubuhi, ukingoni, kabla ya kuhesabu, zingezuia mbabula nyingi.

Kwa anayesafiri wiki hii, kabla mtu yeyote hajabadilisha chochote: maji yachemshwe usiku wa kuamkia safari na kuwekwa kwenye bidoni yenye kifuniko. Wali na maharage ya nyumbani viliwe kabla ya saa nne asubuhi, maana kwenye sufuria iliyofungwa juani vinachacha. Viazi vitamu vya kuchemsha, mkate, karanga za kukaanga na ndizi vinafika kesho yake. Uji wa mtoto ubebwe ukiwa unga mkavu wa aina isiyohitaji kupikwa, na maji ya moto kwenye termosi. Chumvi kidogo na sukari zifungwe pembeni kwa ajili ya anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Franga za kufikia zishonwe kwenye kitambaa, zisiguswe Kalundu hata kama boti imelala. Na mbabula ibaki kwa shangazi, ao isafiri ikiwa baridi chini ya mizigo, bila makala ndani.